Maji, sabuni na mikono ya mtumishi: maswali tunayoulizwa mara kwa mara zahanati

Mimi ni muuguzi mkunga. Miaka yangu mingi ya kazi nimeitumia kwenye zahanati na vituo vya afya vya vijijini mkoani Dodoma, ambako mvua ni ya msimu mmoja na dumu la maji lina bei yake. Siku hizi nazunguka kuwaelekeza wenzangu kuhusu maji, vyoo, usafi wa mikono na taka za vituo. Maswali haya ndiyo ninayokutana nayo kila ninapokwenda. Mengine huulizwa darasani, mengine huulizwa pembeni wakati wa chai, na hayo ya pembeni ndiyo huwa mazito.

Mtu aliyesomea uuguzi au utabibu bado anahitaji kufundishwa kunawa mikono?

Jibu langu huwaudhi baadhi ya watu: kufundishwa namna ya kunawa, mara nyingi hapana. Kufundishwa ni wakati gani na kwa nini wakati huo, ndiyo, tena kila mwaka.

Kuna zahanati moja niliyofika asubuhi, watumishi sita, nikaomba kila mmoja anionyeshe hatua za kunawa. Wote walizijua: kiganja kwa kiganja, kiganja juu ya mgongo wa mkono, katikati ya vidole, vidole gumba, ncha za kucha kwenye kiganja. Mmoja alizitaja huku amefumba macho. Kisha nikaomba tutoke chumba cha sindano twende pale wanaponawia. Tulipita korido, tukatoka nje, tukazunguka kona ya jengo hadi kwenye koki ya uani. Nilihesabu hatua 31. Koki ilikuwa inatoa maji, ila sabuni hakuna, kwa sababu sabuni ikiachwa nje hubebwa na kunguru. Muuguzi anayechoma sindano watoto 40 siku ya kliniki angetakiwa aende na kurudi mara 40. Hakuna binadamu atakayefanya hivyo.

Kwa hiyo mtu akiniambia kwamba watumishi wa mahali fulani hawana uelewa, naomba kwanza kuona koki iko wapi. Mara nyingi uelewa upo. Kilicho mbali ni maji.

Basi uelewa unapungua wapi?

Unapungua kwenye nyakati. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2009, lilitaja nyakati tano za kusafisha mikono: kabla ya kumgusa mgonjwa; kabla ya kazi inayotaka usafi wa hali ya juu, kama kufunga kidonda au kuweka kanula (kijirija cha mshipani); baada ya kugusa damu au majimaji ya mwili; baada ya kumgusa mgonjwa; na baada ya kugusa vitu vilivyomzunguka, kama kitanda, shuka au simu yake.

Kaa kona ya wodi saa moja tu uangalie. Utaona mikono inanawiwa baada ya damu, karibu kila mara. Inanawiwa baada ya kumaliza kazi, kabla ya kwenda kula. Inayorukwa ni ile ya kabla ya kumgusa mgonjwa. Ni jambo la kibinadamu: tunanawa kujikinga sisi. Damu tunaiona, tunaiogopa, tunaitoa. Lakini mikono tunayoiona safi, iliyotoka kufungua mlango, kushika faili na kupokea simu, haitutishi, kwa sababu anayeumizwa nayo ni mtoto wa siku mbili ambaye hatasema kitu.

Wakati wa tano nao husahaulika sana. Umeingia, umerekebisha dripu, umeinua ukingo wa kitanda, hujamgusa mgonjwa kabisa. Unaona huna sababu ya kunawa. Sababu ipo: kitanda chake kimeguswa mara nyingi kuliko yeye mwenyewe.

Nikivaa glovu si inatosha?

Haitoshi. Glovu zina vitundu visivyoonekana kwa macho, na wakati wa kuzivua mkono huchafuka. Unasafisha mikono kabla ya kuvaa na baada ya kuvua. Mgonjwa mmoja, glovu zake, kisha zinatupwa.

Nimeona, na nitasema kwa uchungu, glovu zilizovaliwa asubuhi zikavuliwa mchana. Aliyezivaa alikuwa na nia njema, alijiona amejikinga. Kwa wagonjwa wote waliopita katikati, glovu ile ilikuwa mkono mmoja mchafu usionawa.

Kitakasa mikono au maji na sabuni?

Mikono ikiwa haina uchafu wa kuonekana, kitakasa chenye spiriti ni bora zaidi kwa kazi za wodini: sekunde 20 hadi 30 umemaliza, na chupa inakaa mfukoni au kichwani mwa kitanda. Kwa vituo vya maji ya taabu, hiki ni kitu cha kukipigania kwenye bajeti.

Mikono yenye damu, kinyesi, udongo au mafuta inataka maji na sabuni, sekunde 40 hadi 60. Vilevile ukitoka chooni. Na mgonjwa akiwa anaharisha, mimi hunawa kwa sabuni bila kujadiliana, maana wapo vijidudu ambao spiriti haiwaui.

Ndoo yenye koki inakubalika, au lazima sinki?

Inakubalika kabisa. Mikono inataka maji yanayotiririka; bomba la ukutani si sharti. Ndoo yenye mfuniko na koki, juu ya stuli, beseni chini yake, sabuni pembeni, imekamilika. Ila kuna mambo manne madogo yanayoiharibu.

Kwanza, koki ya kuzungusha: unaifungua kwa mkono mchafu, unaifunga kwa mkono safi, unarudi ulikotoka. Tafuta ya kusukuma kwa kiwiko, au fundi akutengenezee ya kukanyaga kwa mguu. Pili, sabuni ya kipande inayokaa kwenye kisahani chenye maji huwa uji. Iweke kwenye kitu chenye matundu ikauke, na ikate vipande vidogo; kipande kidogo hakiibiwi na hakichukui mwezi. Tatu, taulo moja la wote. Ondoa leo. Kausha mikono kwa karatasi au kitambaa cha mtu mmoja, au iache ikauke kwa hewa. Nne, na hapa ndipo ndoo nyingi hufa: hakuna aliyepangiwa kuijaza. Ndoo ya kila mtu haina mtu. Andika jina ukutani, la zamu ya leo.

Ndoo yenyewe isuguliwe ndani kila inapoisha maji. Nilifungua moja nikakuta utelezi wa kijani umezunguka chini hadi kwenye koki.

Zahanati yetu ina bomba. Tunahesabika tuna maji?

Inategemea bomba linatoa nini. Kipimo kinachotumiwa na Shirika la Afya Duniani na UNICEF ni hiki: chanzo kiwe kilichoboreshwa (bomba, kisima kilichofunikwa, chemchemi iliyolindwa, maji ya mvua), kiwe ndani ya eneo la kituo, na siku ya ukaguzi maji yawepo. Kwa kipimo hicho, ripoti yao ya kwanza ya dunia nzima, ya mwaka 2019, ilionyesha kwamba kituo kimoja kati ya vinne hakikuwa na huduma ya msingi ya maji. Mwaka huohuo Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ukapitisha azimio la kuzitaka nchi zirekebishe hali hiyo.

Mimi huongeza swali langu: maji yanafika leba? Tanki likiwa limejaa uani na chumba cha kujifungulia kinategemea madumu, aliyezaa usiku wa manane hana maji.

Tunahitaji lita ngapi kwa siku?

Hapa watumishi wengi hukisia, na kamati za kituo huomba tanki kwa kukisia vilevile. Tufanye hesabu, kwa sababu hesabu ndiyo inayomshawishi mhandisi na diwani.

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2008 unatoa viwango: lita 5 kwa kila mgonjwa wa nje, lita 40 hadi 60 kwa mgonjwa aliyelazwa kwa siku, lita 100 kwa kila mzazi anayejifungua au upasuaji. Chukua zahanati ya wagonjwa wa nje 40 kwa siku na wazazi 10 kwa mwezi. Wagonjwa wa nje: lita 200. Wazazi: lita 1,000 kwa mwezi, yaani kama 35 kwa siku, na ukiongeza siku moja ya kupumzika kila mmoja, unapata lita 15 hadi 20 nyingine. Jumla ni kama lita 250 kwa siku. Simtanki la lita 5,000 linakupa siku 20.

Sasa tazama paa. Milimita moja ya mvua kwenye mita ya mraba moja ya bati ni lita moja. Bati la mita 10 kwa 15 ni mita za mraba 150. Kwa mvua ya milimita 550 kwa mwaka, ambayo ni ya kawaida kwetu Dodoma, na ukitoa moja ya tano inayomwagika na kukauka, unapata lita 66,000. Msimu wa mvua wenyewe, tangu Desemba hadi Aprili, mtatumia kama 37,500. Zinabaki 28,500: karibu miezi minne ya kiangazi bila kununua dumu hata moja. Lakini mkiwa na tanki moja la 5,000, mvua ya Januari itakuwa inafurika chini huku mkiitazama, na Juni mtakuwa mnasukuma toroli.

Kwa hiyo mkiwa na gata (mifereji ya paa) zilizokamilika na tanki dogo, ombeni matanki. Mkiwa na matanki makubwa na gata upande mmoja wa paa, ombeni gata, ni nafuu mno. Na hata mkifanya yote, paa halitoshi mwaka mzima. Chanzo cha pili kinahitajika. Mvua ya kwanza baada ya kiangazi iacheni imwagike, inaosha vumbi na vinyesi vya ndege.

Maji ya kisima chetu ni angavu. Bado tuyatibu?

Ya kunywa na ya kumezea dawa, ndiyo, kwa klorini au kwa kuchemsha. Uangavu hausemi lolote kuhusu vijidudu. Na kwa wenzetu wa Arusha, Manyara na Singida: klorini haiondoi floridi, madini yanayoharibu meno na mifupa yakizidi. Hilo ni la kupima maabara na kuzungumza na wakala wa maji.

Jiki tunachanganya kiasi gani?

Nikiuliza swali hili darasani napata majibu matano tofauti, na mojawapo huwa ni "mpaka isikike harufu". Pua si kipimo.

Kanuni ni nyepesi. Jiki ni klorini ya maji; soma asilimia yake iliyoandikwa kwenye chupa. Igawe kwa asilimia unayoitaka, toa moja. Jibu ni sehemu za maji kwa sehemu moja ya jiki. Jiki ya asilimia 3.5, unataka asilimia 0.5 ya kuua vijidudu penye damu: 3.5 kwa 0.5 ni 7, toa moja ni 6. Kikombe kimoja cha jiki, vikombe sita vya maji. Jiki ya asilimia 5: kikombe kimoja kwa tisa. Ndiyo sababu wino wa chupa ukifutika, chupa hiyo haina maana tena kwa kazi hii.

Kuna makosa manne ninayoyaona sana. La kwanza ni kumwaga klorini juu ya uchafu. Damu na kinyesi huila klorini ikaisha nguvu kabla haijaua chochote, kwa hiyo futa kwanza, osha kwa sabuni, ndipo upake klorini na uiache dakika 10. La pili, mchanganyiko wa juzi: tengeneza kila siku, funika, weka mbali na jua. La tatu, kuchanganya jiki na dawa ya choo yenye asidi, au na yenye amonia. Hutoka hewa ya sumu. Mhudumu wetu mmoja aliwahi kutolewa chooni akikohoa machozi yanamtoka, na alikuwa amefanya hivyo ili choo king'ae. La nne, kunyunyizia kwa bomba la mgongoni kama anayepiga dawa pamba. Futa kwa kitambaa kilicholowa. Ukinyunyiza unaruka sehemu na unavuta mvuke.

Na jambo moja kwa waliosoma zamani kama mimi: tulifundishwa kuloweka vyombo vya chuma kwenye klorini dakika 10 kabla ya kuviosha. Shirika la Afya Duniani, tangu mwongozo wake wa mwaka 2016, halipendekezi hivyo tena. Klorini inakula chuma, na damu inaila klorini. Vyombo viwekwe vibaki na unyevu, vioshwe kwa sabuni na brashi na mtu aliyevaa glovu nzito, aproni na kinga ya macho, kisha vitakaswe kwa mvuke. Kama mwongozo uliobandikwa kituoni kwenu ni wa zamani, zungumzeni na mratibu wa wilaya kabla ya kubadili peke yenu.

Mafunzo ya usafi ni ya nani hasa?

Swali hili huulizwa na waganga wafawidhi, yaani wakuu wa vituo, wakiandika orodha ya majina. Wanaandika tabibu, muuguzi, mtaalamu wa maabara. Mimi naomba jina la kwanza kwenye orodha liwe la anayepiga deki.

Naomba mnivumilie nilieleze hili kwa urefu. Nilimkuta mama mmoja kwenye kituo cha afya, amefanya usafi pale miaka tisa. Alikuwa amefunga kidole gumba kwa kipande cha kanga. Nilimwuliza, "Mama, kidole kimepatwa na nini?" Akasema, "Kimechomwa na mfuko, sista." Alikuwa akikandamiza mfuko wa njano wa taka ili zienee nyingine, na ndani kulikuwa na sindano. Hakuwa ametoa taarifa kwa mtu, kwa sababu hakujua kwamba ni jambo la kutolewa taarifa. Hakujua kwamba ipo dawa ya kukinga VVU ambayo inatakiwa ianzwe mapema iwezekanavyo, na isipite saa 72. Miaka tisa aliibeba mifuko ya taka ya rangi tatu kila siku, na hakuna aliyewahi kumwambia rangi zina maana gani. Aliambiwa tu, "Ule mwekundu usiuache wazi."

Kosa halikuwa lake. Sindano ile iliwekwa kwenye mfuko na mtu mwenye cheti.

Dunia nayo ililiona hili: katika vipimo vya kimataifa, kituo hakihesabiwi kuwa na huduma ya msingi ya usafi wa mazingira mpaka kuwe na maelekezo ya usafi yaliyoandikwa na wote wenye jukumu la kusafisha wawe wamefundishwa. Akikosa mmoja, mmekosa.

Wanachohitaji kufundishwa si kirefu, ila kiwe kwa vitendo na kwa Kiswahili. Safisha kutoka pasafi kwenda pachafu, kutoka juu kwenda chini: ukianza chooni ukamalizia leba, umebeba choo ukakileta kwa mtoto mchanga. Ndoo mbili, ya sabuni na ya kusuuzia, na maji yabadilishwe yakichafuka, si yakiisha. Dekio la leba halitoki leba. Madekio yafuliwe na yaning'inizwe juani. Linalolala ndani ya ndoo huamka na vijidudu. Ufagio mkavu wodini unarusha vumbi hadi kwenye vidonda, tumia kitambaa chenye unyevu. Viatu vya buti, glovu nzito, na chanjo ya homa ya ini. Haya yote nimeyafundisha kwa saa mbili chini ya mwembe.

Yule mama siku hizi ndiye anayewaonyesha wauguzi wapya mahali pa kila mfuko.

Rangi za mifuko ni zipi?

Nyeusi au bluu kwa taka za kawaida, kama karatasi na maganda. Njano kwa zenye maambukizi, kama pamba na bandeji zenye damu. Nyekundu kwa za hatari zaidi, zikiwemo sehemu za mwili na kondo. Sindano na nyembe zinaingia kwenye sefti boksi, boksi gumu la vitu vyenye ncha kali, moja kwa moja kutoka mkononi, bila kurudishia kifuniko, na boksi likifika robo tatu linafungwa. Kondo la nyuma liende kwenye shimo la kondo lenye mfuniko. Sefti boksi liwe karibu na mkono wa mchomaji, kwa sababu ileile ya koki: likiwa mbali, sindano italala kwenye trei.

Choo cha kituo kinatakiwa kiweje?

Kampeni ya Nyumba ni Choo ilitusaidia sana kuamsha kaya. Lakini zahanati ina watu ambao kaya haina kila siku: aliyejifungua saa tatu zilizopita, mzee wa mkongojo, binti aliyeko hedhini, mtumishi wa zamu ya usiku.

Kwa kiwango cha msingi kuwe na choo angalau kimoja cha watumishi, kimoja cha wanawake kilicho na huduma za hedhi, na kimoja kinachofaa kwa mwenye ulemavu, na maji na sabuni viwe ndani ya mita tano. Hizo ni sentensi za ripoti. Mimi nawaomba watumishi wafanye hivi: ingieni kwenye choo cha wazazi usiku, mmoja mmoja, mkiwa mmejifunga kanga mbili. Kuna taa? Komeo linafunga kwa ndani? Kuna msumari wa kutundika kanga, au itabidi uishike kwa meno? Kuna ndoo yenye mfuniko ya kutupia pedi, au mama atatoka nayo mkononi akipita mbele ya waume za watu? Kuna kitu cha kushikilia wakati wa kuinuka, huku nyuzi za mshono zikivuta?

Tabibu mmoja kijana alitoka kwenye zoezi hilo kimya. Wiki iliyofuata alileta taa ya sola na bomba la chuma la kushikilia, kwa fedha yake.

Ni haki kumwambia mjamzito aje na maji yake?

Najua kwa nini inafanyika, nimefanya. Kituo hakina, mtoto hasubiri. Lakini tuelewe anachokisikia mama. Dumu la lita 20 limebebwa na mama mkwe au dada, kilomita kadhaa, na asiye na wa kumbebea anaona aibu kuja. Anayeona aibu anazalia nyumbani.

Usafi wakati wa kuzaa una mambo sita: mikono safi, mahali safi pa kujifungulia, msamba safi, kifaa safi cha kukatia kitovu, kamba au kibanio safi, na kitovu kuachwa bila kupakwa majivu, mafuta wala samadi. Matano ya kwanza yako mikononi mwetu, na yote yanaanza na maji. Kituo kinachomfundisha mama usafi wa kitovu huku mkunga hana maji ya kunawa kinafundisha kinyume chake, na mama anakiona.

Kipindupindu kikiingia tubadilishe nini?

Maji kwanza: kambi ya wagonjwa wa kipindupindu inataka lita 60 kwa mgonjwa kwa siku, kwa hiyo hesabu yenu ya kawaida haifai tena. Toeni taarifa wilayani mara moja. Vyoo vya wagonjwa vitengwe. Vinyesi na matapishi visitupwe kabla ya kutiwa klorini kali, kwa kipimo ambacho afisa afya ataelekeza.

Ila msisubiri mlipuko ndipo mtandaze ndoo. Marburg, homa kali ya virusi inayoua, ilipozuka Kagera mwaka 2023, ugonjwa haukujulikana mapema, na watumishi wa afya walikuwa miongoni mwa walioambukizwa. Ugonjwa mbaya hauji na jina lake. Unakuja kama homa, unakaa kwenye benchi pamoja na malaria, na unahudumiwa kwa mazoea uliyokuwa nayo jana.

Fedha zitoke wapi?

Tangu mwaka wa fedha 2017/18 vituo vya umma vinapokea sehemu ya fedha moja kwa moja kwenye akaunti zao. Sabuni, koki, klorini na gata viingizwe kwenye mpango wa kituo wa mwaka, kwa idadi na bei, vikipitishwa na Kamati ya Usimamizi wa Kituo. Kisichoandikwa hakinunuliwi. Tanki na kisima ni vya halmashauri na wadau, na hapo ile hesabu ya lita ndiyo barua yenu.

Tuanzie wapi Jumatatu?

Upo utaratibu wa Shirika la Afya Duniani na UNICEF unaoitwa WASH FIT, uliotolewa upya mwaka 2022: kituo kinajikagua, kinapanga hatari kwa uzito, kinashughulikia chache, kinajikagua tena. Ni mzuri. Kabla hamjaupata, chukueni daftari, mtumishi, mhudumu wa usafi na mjumbe mmoja wa kamati, mpite njia anayopita mama mjamzito kutoka getini hadi leba hadi chooni. Kila mahali ambapo mkono wa mtu ungetakiwa kunawiwa, simameni mhesabu hatua hadi kwenye maji. Zinazozidi kumi, andikeni.

Mimi ni mhudumu tu. Nikimwona daktari hanawi, nimwambieje?

Hili ndilo swali la pembeni, huulizwa kwa sauti ya chini, na ni gumu kuliko ya klorini yote. Mdogo kumkosoa mkubwa mbele ya mgonjwa, kwetu, si jambo dogo. Kuwaambia wahudumu "semeni tu" ni kuwatupia mzigo na kuondoka.

Kwanza namwambia mganga mfawidhi, wahudumu wakiwapo: wewe utangulie. Omba mbele ya watu wote ukumbushwe, na siku utakayokumbushwa, shukuru kwa sauti wote wasikie. Bila hilo, hakuna mdogo atakayethubutu.

Kisha namkumbusha mhudumu kitu anachokijua tangu utotoni. Nyumbani, chakula kikiiva, mdogo huchukua birika na beseni akamnawishe mkubwa. Hakuna mzee aliyewahi kuona ametukanwa kwa kunawishwa. Kwenye kituo kimoja kisicho na maji ya bomba walilifanya hilo kuwa utaratibu wa raundi: muuguzi anasukuma trei, mhudumu nyuma yake na birika, beseni na sabuni. Kabla ya kila kitanda anasogea nusu hatua na kusema, "Daktari, karibu maji." Daktari ananyoosha mikono. Niliwafuata kitanda kwa kitanda, vitanda tisa, na kwenye cha mwisho mgonjwa mwenyewe, bibi mmoja wa makamo, alinyoosha ya kwake pia, akanawishwa.